Shemeji Alipima Chumba cha Watoto, Nikachukua Msumeno

Umewahi kuona mtu akiingia kwako, hata chai hajaonja, anatoa tepu ya fundi mfukoni na kuanza kupima mahali watoto wako wanalala?

Mimi nimeona.

Ilikuwa Jumamosi, mchana peupe. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikimsuka mteja. Moffat akatupita na viatu vyake vya matope, moja kwa moja hadi chumba cha watoto.

Nikasikia tepu ikifyatuka. Ikafyatuka tena.

Akatoka akibonyeza simu. Akasema, "Mama Shiku, hii chumba ni ya mbuzi mbili. Wewe umejaza watoto wanne."

Mteja wangu alikuwa kichwa nusu. Akainama chini kama aliyetukanwa ni yeye. Mimi nikaendelea kusuka. Si ati sikuwa na maneno. Nilikuwa nayachagua.

Wacha kwanza niwaambie huyu jamaa ni nani.

Naitwa Nyawira. Nakaa Majengo, hapa Nyeri, nyumba ya kukodi ya vyumba viwili, si mbali na msikiti. Kazi yangu ni kusuka nywele. Niko na watoto wangu wawili, Ngatia na Shiku. Baba yao alienda Nanyuki kutafuta kazi. Akapata kazi, na mke juu yake. Hiyo tuiwache.

Dada yangu Gathoni aliolewa Mweiga. Bwana yake alifariki watoto wakiwa wadogo. Halafu mwaka jana, kabla ya mvua ya masika, Gathoni naye akaugua, na ule ugonjwa haukumpa muda. Nilipomwona mara ya mwisho hospitalini alinishika mkono akaniambia kitu kimoja tu.

"Usiwatenganishe."

Watoto wake ni Warigia, msichana wa gredi ya nane, na Muchiri, ambaye ndio alikuwa ameanza shule. Baada ya mazishi nilirudi nao Majengo. Hakuna mtu upande wa Mweiga aliyesema neno. Moffat, ndugu ya marehemu baba yao, hata alitubebea mifuko hadi steji.

Tukaishi. Watoto wakazoeana, wakapigana, wakazoeana tena.

Chumba chao kilikuwa kidogo, siwezi kudanganya. Kulikuwa na kitanda kimoja kilichoinama upande, na magodoro chini. Asubuhi unayainua unayaegemeza ukutani ndio mtu apate pa kukanyaga. Nguo zilikaa kwa mifuko ya mtumba. Mtoto akitafuta soksi, anapindua nyumba yote.

Halafu kulikuwa na godoro la Muchiri. Tangu mama yake azikwe, huyo kijana alikuwa anakojoa kitandani. Sikuwahi kumgombeza. Lakini godoro ni godoro, lazima lianikwe, na ploti yetu kamba ya nguo ni moja. Kila mtu alijua.

Hilo godoro ndilo Moffat aliliona kwanza akiingia.

Basi hiyo siku ya tepu akaniambia watoto wa kaka yake hawawezi kulala wamepangwa kama viazi ndani ya gunia. Ati cucu yao, ambaye ni mama yake, anawalilia huko Mweiga. Ati huko kuna nyumba kubwa na chumba kitupu. Ati ameshaongea na afisa wa watoto, na afisa atakuja mwenyewe kuangalia, na akipata watoto wanalala kwa simiti hatauliza mara mbili.

Nikamuuliza, "Na cucu mwenyewe amesema anawataka?"

"Mama ndiye amenituma."

Hapo alinipata. Yule mama namheshimu. Alikaa na dada yangu kama binti yake wa kuzaa. Gathoni akiwa na mimba ya Muchiri, cucu ndiye alikuwa anamfulia. Sasa kama ni yeye anaita wajukuu wake, mimi ni nani nikatae?

Moffat akaenda. Nikageuka, nikamwona Warigia amesimama nyuma ya pazia la jikoni. Alikuwa amesikia yote.

"Tata," akaniuliza, ndivyo huniita mimi dada ya mama yake, "sisi tutaenda?"

Nilimaliza kichwa cha mteja. Mistari ilinyooka.

Halafu nikavaa sweta nikaenda kutafuta mbao.

Nilianzia kwa fundi wa vitanda pale chini. Nikamwambia nataka dabo deka mbili, vile vitanda vya juu na chini. Aliniambia bei, nikacheka, akacheka, tukajua hiyo imeisha. Nikamwomba kitu ingine. Aniazime msumeno.

Akaangalia kucha zangu. Nilikuwa nimepaka rangi nyekundu.

"Wewe ni wa kusuka, mama. Wachana na mbao."

Nikasimama hapo hapo. Sikubishana, nilisimama tu, mpaka akachoka kuniona. Akanipa msumeno, nyundo juu yake, na akaniambia nikijikata kidole nisiseme msumeno ni wake.

Paleti nilizipata mjini, nyuma ya duka moja la hadwea. Zile mbao vigae hubebwa juu yake. Zilikuwa zimerundikwa zinanyeshewa, na mwenye duka akasema nizichukue bora nizimalize zote, nisimwachie takataka. Nikatafuta mkokoteni. Mimi na mwenye mkokoteni tukasukuma hadi Majengo, jasho likiniingia machoni na baridi ya Nyeri ikinipiga masikio, vitu viwili ambavyo sikujua vinaweza kuenda pamoja.

Ploti ilitoka nje yote kuangalia. Mama mmoja akauliza kama najenga kibanda cha kuku.

"Cha watu," nikamwambia.

Sikuwa na mchoro. Nilichora ukutani kwa chaki, nikafuta, nikachora. Vitanda vikikaa kwa kona, kimoja ukuta huu na kingine ukuta ule, dirisha linabaki wazi na katikati panabaki nafasi ya mtoto kugeuka bila kumpiga mwingine kiwiko. Chini ya vitanda, masanduku ya kuvuta ya nguo, kila mtoto na lake. Ukuta wa mlango, meza ya kukunja yenye bawaba. Warigia akimaliza homwaki, anaishusha.

Kwa chaki ilikuwa maridadi sana.

Dabo deka ya kwanza ilisimama siku chache baadaye. Nilijivunia hiyo kitu, jameni. Niliita hadi majirani. Ngatia akapanda juu kama mfalme, akaruka mara moja kuonyesha watu nguvu yake.

Ikaanguka.

Haikutikisika kwanza ikupe nafasi ya kushtuka. Ilienda chini moja kwa moja, mbao juu ya mbao. Ngatia akatoka na mkwaruzo tu. Lakini Shiku alikuwa akicheza kitanda cha chini, na ndio tu alikuwa ametoka hapo kabla kianguke, akifuata paka wa jirani.

Paka.

Mtoto wangu aliokolewa na paka.

Majirani walirudi kwao mmoja mmoja bila kusema kitu. Hiyo ni mbaya kuliko kicheko. Nikakaa kwa hizo mbao nikafikiria, labda Moffat ako sawa. Labda mwanamke wa kusuka hafai kujenga kitu kitakachomwangukia mtoto wa marehemu dada yake. Nilitoa simu. Jina lake lilikuwa hapo kwa skrini, na kidole kilikuwa juu yake.

Halafu nikaona Muchiri. Alikuwa anaokota mbao zilizovunjika, anazipanga kando ya ukuta kwa utaratibu, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Hakuna mtu aliyemtuma. Nikamuuliza anafanya nini.

"Ndio ukianza tena usitafute."

Nikarudisha simu mfukoni.

Nikarudi kwa fundi. Hii mara sikuomba msumeno, niliomba anifundishe. Alikuja akaangalia ile ajali akaguna. Akaniambia mbao za paleti ni ngozi, si mifupa. Nguzo lazima ziwe mti wa maana, na mahali pa kubeba uzito hapapigwi misumari, panaingia bolti. Tukaelewana. Yeye anipe nguzo za saipres na bolti, mimi nisuke bibi yake na wasichana wake mpaka Krismasi. Mpaka leo bado nawasuka, na wana nywele nyingi hao watu.

Tulianza upya. Kila nguzo aliipitia yeye. Tulipomaliza alinifanya nipande juu mimi mwenyewe, na mimi si mwepesi, nikaruka mbele ya ploti yote. Haikulia hata kidogo.

Chini ya magodoro sikuweka mbao. Nilichukua tyubu kuukuu za magari, nikazikata vipande virefu, nikazisuka tatu tatu kama nywele, nikazivuta kutoka ukingo hadi ukingo. Ukilala inakubeba kama umewekwa kwa kiganja. Hiyo hakuna fundi alinifundisha.

Magodoro nayo nilishona. Mafundi wa sofa hutupa mabaki ya sponji, nikabeba magunia. Mimi na Warigia tukakaa tukichana hizo sponji vipande vidogo mpaka ploti ikaonekana kama kumenyesha theluji. Godoro la Muchiri nililivalisha nailoni ndani kabla ya kitambaa. Sikumwambia mtu kwa nini, na yeye hakuuliza.

Kitambaa ndicho kilinipeleka kwa Ba.

Ba ni mama mzee wa duka moja la vitambaa mjini. Jina lake ni Gomti, lakini hapo dukani kila mtu anamuita Ba, yaani mama kwa lugha yao, hadi wateja. Siku hizi hasimami kaunta, anayeuza ni Heena, mke wa mtoto wake. Ba anakaa kwa kiti karibu na mlango, anaona kila kitu.

Nilikuwa nauliza Heena kama wana mabaki, vile vipande vya mwisho wa roli. Ba akauliza ni vya nini. Nikamwambia vya kushona blanketi za watoto. Akauliza watoto wangapi, chumba gani. Sijui kwa nini, nikamwambia yote, na ya tepu pia.

Alipomaliza kunisikiliza, akasema, "Mimi nililea watoto watano kwa chumba moja, nyuma ya hii duka. Saa hii mmoja ni daktari. Nani alikuja kupima?"

Akamtuma Heena ndani. Heena akarudi na sari kuukuu, laini, zimefuliwa mpaka rangi imechoka. Ba akanionyesha vile wao hufanya kwao. Unapanga sari moja juu ya nyingine, unaweka vipande vya rangi juu, halafu unapitisha uzi kwa mkono, mishono midogo, mistari na mistari, mpaka nguo zote zinashikana zinakuwa kitu kimoja. Alinishika kidole akaniambia mishono yangu ni mirefu, mtoto ataingiza kidole cha mguu ararue. Akanifumulisha. Nikashona upya hapo hapo mlangoni, wateja wakituruka.

Nilienda huko mara kadhaa. Blanketi ya nne ilipofika, Warigia akaleta mfuko ambao hatukuwa tumeufungua tangu mazishi. Nguo za Gathoni.

Akatoa lile rinda la kijani la kanisa. Akaniuliza, "Tunaweza?"

Nilimpa mkasi.

Alikata mwenyewe. Nusu ikaenda kwa blanketi yake, nusu kwa ya Muchiri.

Sitasema Muchiri aliacha kukojoa siku hiyo. Hakuacha. Lakini alilala bila kushika nguo ya dada yake, mara ya kwanza tangu wafike kwangu.

Siku ya afisa ikafika.

Alikuwa mama mmoja mtulivu, na begi yake na viatu vya chini. Moffat alikuja nyuma yake, amepiga suti. Na nyuma ya Moffat, akitembea pole pole na fimbo, cucu.

Sikuwa nimejua atakuja. Miguu yake imefura siku hizi. Nilimkimbilia nikamshika mkono, na aliniangalia kwa njia sikuielewa. Kama mtu amekasirika, lakini amekasirika kwa huzuni.

Afisa aliingia chumbani. Alishika nguzo akatikisa. Akapanda ngazi kidogo. Akavuta sanduku moja, akaona nguo zimekunjwa. Akabonyeza godoro. Akashusha meza, akairudisha. Alimuuliza Warigia maswali peke yake, mlango umefungwa, sisi tukingoja nje kama watu wa kliniki.

Walipotoka Moffat akaanza. Akasema vitanda vya takataka ni vya takataka hata ukipaka vanishi. Akasema damu ni damu, watoto wana kwao.

Wakati anaongea, cucu aliomba pa kupumzisha miguu. Nikamweka kitanda cha chini cha Muchiri, wengine wakatufuata chumbani. Akakaa. Akapapasa blanketi. Mkono wake ukafika kwa lile rinda la kijani, ukasimama.

Analijua. Ni yeye alimnunulia Gathoni.

Afisa akamgeukia kwa heshima, akamuuliza, "Cucu, na wewe huko nyumbani nani anakuangalia?"

"Yule msichana wa kazi alienda. Moffat anasema analeta mwingine."

"Mwingine nani?"

Cucu alifungua mdomo kujibu. Halafu akamwangalia Warigia. Akamwangalia Moffat. Akafunga mdomo.



Alipoongea, aliongea na mimi. "Nyawira. Moffat aliniambia umechoka na hawa watoto. Ati umemwambia akuje awachukue kabla uwatupe nje. Ndio nimekuja kwa miguu hii, nikuulize ni nini dada yako alikukosea."

Nikamwambia, "Cucu, mimi niliambiwa ni wewe umewaita."

"Mimi sijaita mtu. Ningeita mtoto akuje kunifulia na kukama ng'ombe, shule aiache? Mimi?"

Afisa alikuwa ametoa kalamu. Moffat akaanza kueleza, ati mama haelewi, ati ni kwa muda tu, ati shule ziko hata Mweiga. Hakuna mtu alimsaidia kumaliza hiyo sentensi.

Afisa akasema kwa upande wake ameona ya kutosha. Watoto hawaendi popote.

Moffat akamshika mama yake kiwiko. "Mama, twende. Gari inangoja."

Hapa sasa ndio sikutegemea.

Cucu alitoa kiwiko chake. Akaegemeza fimbo ukutani. Akavua viatu, kimoja, halafu kingine. Akainua miguu yake iliyofura akaiweka juu ya kitanda, akalala, akajifunika blanketi mpaka kifuani.

"Nenda na hiyo gari," akasema. "Mimi nimefika."

Nyinyi mnaelewa? Huyo mtu alikuja kuchukua wawili, akaniachia mmoja.

Alisimama pale mlangoni, suti yote, akingoja mama yake aseme ni mzaha. Mama yake alikuwa amefunga macho. Muchiri akapanda akakaa miguuni pake. Moffat aliondoka. Kesho yake nilipata mfuko wa nguo za cucu umeachwa kwa Anita, mwenye kioski hapo nje, bila salamu.

Watu wameniuliza sana, Nyawira, ulikuwa unalia chumba ni kidogo, sasa umeongeza cucu? Ndio, nimeongeza. Kitanda chake nilikijenga mwenyewe, kifupi, miguu minene, kinaingia chini ya changu asubuhi. Anakoroma. Anasema chai yangu ni maji. Anasema Ngatia anahitaji kiboko, halafu yeye mwenyewe anamficha akikosea. Ng'ombe waliuzwa, na kuhusu hiyo yeye na mtoto wake wataongea siku wakitaka kuongea. Muchiri akiamka amelowa, cucu ndiye anaamka naye. Kitu wanaambiana sijui. Lakini kamba ya nguo siku hizi mara nyingi iko tupu.

Somo langu ni moja, na si refu.

Mtu akikuambia nyumba yako haitoshi watoto, usianze kumweleza vile moyo wako ni mkubwa. Moyo haulaliwi. Shika msumeno, na kikianguka cha kwanza, jenga cha pili.